Unyevu wa Hewa Nyumbani katika Nchi za Baridi: Somo la Mvuke na Ukungu

Mkazi wa Tanga, Mombasa au Unguja akiambiwa kwamba ziko nchi ambako watu hununua mashine ya kutia maji katika hewa ya chumba cha kulala, huenda akadhani anafanyiwa mzaha. Kwake yeye unyevu wa hewa ni adui wa kila siku. Chumvi hulowa ndani ya kikopo hata isinyunyizike, viatu vya ngozi vilivyowekwa chini ya kitanda huota kuvu, na nguo zisizokauka vizuri hunuka uvundo kabla ya kuvaliwa. Hata hivyo mashine hizo zipo, na katika Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Korea na Japani ni vyombo vya kawaida vya nyumbani, vinavyowashwa baridi inapoanza na kuwekwa kabatini inapokwisha. Vijana wetu wanaokwenda kusoma huko huzikuta vyumbani mwao. Jamaa waliohamia Minnesota au Kanada hushauriwa na majirani wazinunue kwa ajili ya watoto.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza jinsi nyumba iliyozungukwa na theluji, ambayo ni maji matupu, inavyoweza kuwa na hewa kavu kupita ya nyika ya Dodoma wakati wa kiangazi. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, ni kuonyesha tofauti iliyopo kati ya mvuke na ukungu. Tofauti hiyo hufundishwa katika madarasa ya mwanzo ya sekondari, ikajibiwa katika mtihani, kisha ikasahauliwa. Katika Korea ya Kusini kutoizingatia kuligharimu maisha ya watu wengi, na habari hiyo tutaieleza mahali pake.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu lugha. Vitabu vyetu vingi hutafsiri majira ya baridi ya Ulaya kuwa kipupwe. Kipupwe cha pwani yetu ni miezi ya Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, ambapo mtu hujifunika shuka badala ya kulala wazi. Majira tunayoyazungumzia hapa ni mengine: maji huganda nje, na nyumba hufungwa madirisha na kupashwa joto usiku na mchana. Ni huko kupasha joto, wala si baridi yenyewe, kunakoleta ukavu.

Hewa iliyoshiba na hewa yenye kiu

Chukua mita moja ya ujazo ya hewa, yaani sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja. Katika jotoridi la nyuzi 0 za Selsiasi, sanduku hilo haliwezi kuwa na mvuke wa maji unaozidi gramu 4.8 hivi. Likizidishiwa, mvuke wa ziada hugeuka matone. Hapo twasema hewa imeshiba. Katika nyuzi 10 kikomo ni gramu 9.4, katika nyuzi 20 ni gramu 17.3, na katika nyuzi 30 ni gramu 30.4. Mwanafunzi aziangalie namba hizo kwa makini: kila jotoridi linapopanda nyuzi 10, kikomo hukaribia kuongezeka maradufu.

(Msemo kwamba hewa “hushika” maji ni wa mazoea tu. Hata katika chombo kilichoondolewa hewa yote, mvuke ungefikia kikomo kile kile, kwa kuwa kinachoamua ni jotoridi, ambalo huzipa molekuli za maji nguvu ya kuruka kutoka katika kimiminika. Mwalimu anaweza kuutumia msemo huo mradi aliseme jambo hili walau mara moja.)

Sasa twaweza kutofautisha vipimo viwili. Kimoja ni gramu za mvuke zilizomo hasa katika mita ya ujazo. Cha pili ni asilimia, yaani gramu zilizopo zikigawanywa kwa gramu za kikomo. Hiki huitwa unyevu nisbi, kwa kuwa hupimwa kwa kulinganisha. Mtangazaji wa hali ya hewa anapotaja asilimia za unyevu, anataja hiki cha pili, nacho ndicho kinachoamua kama nguo itakauka upesi kambani.

Tuchukue mfano. Nje ya nyumba mjini Seoul au Chicago, siku ya Januari, jotoridi ni nyuzi 0 na unyevu nisbi ni asilimia 80. Hewa hiyo i karibu na kushiba, nayo ina gramu 3.9 za mvuke. Inapenya ndani kwa nyufa za milango na kupashwa joto hadi nyuzi 20. Hakuna aliyeondoa maji hata tone, bali kikomo kimepanda kutoka gramu 4.8 hadi gramu 17.3. Gawanya 3.9 kwa 17.3: unyevu nisbi umeshuka hadi asilimia 22. (Tumeacha kando upanuzi wa hewa, ambao ungeushusha zaidi kidogo.) Kama nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, kikomo cha huko ni gramu 2 na sehemu kidogo tu, na hata hewa iliyoshiba kabisa, ikiingizwa ndani, haifikii asilimia 14.

Linganisha na kwetu. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 ina karibu gramu 23 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Mchana mkavu wa bara, wenye nyuzi 30 na asilimia 35, una gramu 10 na zaidi. Hivyo yule mwanafunzi aliyeketi karibu na mabomba ya maji ya moto ya kupashia chumba, huku theluji ikianguka dirishani, anavuta hewa yenye chini ya nusu ya maji ambayo mchungaji wa ng'ombe wa Kongwa huvuta wakati wa kiangazi.

Hewa ya namna hiyo ina kiu. Huinyang'anya maji midomo, macho, ngozi ya mikono, mbao za samani na gundi ya ala za muziki. Umeme tuli hujikusanya pia, maana juu ya vitu vikavu chaji haina njia ya kupotelea. Katika majira manne ya baridi niliyokaa Uswidi masomoni, nilijizoeza kugusa kitasa cha mlango kwa ufunguo kwanza, ili cheche irukie chuma badala ya kidole.

Ukavu huu unaudhuru mwili kwa kiasi gani?

Wauzaji wa mashine za unyevu hupenda kusema kwamba hewa kavu “hunyonya maji mwilini”. Tulipime dai hilo. Hewa inapofika katika vifuko vya mapafu huwa imepashwa hadi nyuzi 37 na kushiba mvuke, yaani gramu 44 kwa mita ya ujazo. Pua na koo ndizo zinazofanya kazi hiyo. Katika chumba chenye gramu 3.9 huongeza gramu 40 hivi. Katika chumba kilichotiwa unyevu hadi asilimia 40, chenye gramu 6.9, huongeza 37. Tofauti ni gramu 3. Mtu mzima aliyepumzika huvuta kama mita 10 za ujazo kwa siku. Basi jumla ya tofauti ni gramu 30, ambazo ni vijiko viwili vya chakula. Hakuna mtu anayeishiwa maji mwilini kwa upungufu huo. Mapafu yenyewe, kule ndani, hayajui hata kidogo kama nje ni Kilwa au Oslo.

Wanaopata taabu ni walinzi wa mlangoni. Sehemu ya mbele ya pua hupitiwa na hewa ile ikiwa bado haijalainishwa. Ute unaoifunika hukauka na kuwa magamba, mishipa midogo ya damu hupasuka, na mtoto huamka na damu puani. Chini ya ute huo ziko nywele ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zinazopepea pamoja kama shamba la mpunga na kuusukuma ute uliojaa vumbi na vijidudu kuelekea kooni. Ute ukikauka, kazi hiyo hupungua. Macho huwasha, hasa ya wavaao lenzi za kubandika, na ngozi ya wenye ukurutu hupasuka.

Liko pia suala la homa ya mafua. Mwaka 2007 Anice Lowen na wenzake mjini New York walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanyama wa maabara waliowekwa katika vizimba jirani. Katika nyuzi 20, virusi viliruka kwa urahisi kutoka kwa mnyama hadi mnyama hewa ilipokuwa na unyevu wa asilimia 20, na havikuruka kabisa ulipofika asilimia 80. Mwaka 2009 Jeffrey Shaman na Melvin Kohn walionyesha kwamba gramu za mvuke zilizomo hewani zinaeleza matokeo ya namna hiyo vizuri kuliko asilimia zinavyoeleza. Haya ni matokeo ya thamani, lakini asije mtu akayachukua kuwa ruhusa ya kukifanya chumba chake kuwa bafu la mvuke. Asilimia 80 ndani ya nyumba ni karamu ya kuvu. Na tusichanganye kinga na tiba: mapitio ya majaribio ya kitabibu kuhusu kuvuta mvuke wa moto hayakupata ushahidi thabiti kwamba huponya mafua ya kawaida. Anayejifukiza akapata faraja ya pua kuzibuka, faraja hiyo ni ya kweli. Lakini sufuria ya maji yanayochemka mbele ya mtoto ni hatari kubwa kuliko mafua.

Kiasi cha maji kinachohitajika

Chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5 kina mita 50 za ujazo. Kukiinua kutoka gramu 3.9 hadi 6.9 kunahitaji gramu 150 za maji, pungufu ya glasi moja. Mwanafunzi atauliza: kwa nini basi mashine zina matangi ya lita kadhaa? Jibu ni kwamba nyumba huvuja. Tuseme nusu ya hewa ya chumba hubadilishwa kila saa kwa nyufa na milango. Kila saa gramu 75 hutoroka na kuachia nafasi hewa kavu ya nje. Kwa saa 24 ni lita 1.8. Bakuli la maji lililowekwa juu ya mabomba ya joto, desturi ya kale ya huko, husaidia kidogo, lakini mara nyingi haliwezi kushindana na mvujo huo.

Maji hayo hayageuki mvuke bure. Kila kilo hudai karibu jouli milioni 2.45, na kwa lita 1.8 ni jouli milioni 4.4, sawa na uniti 1.2 za umeme. Mashine ichemshayo huzilipa kwa umeme wa ukutani. Mashine isiyochemsha huziiba katika joto la chumba, na mwenye nyumba huzilipa kwa bili ya kupasha joto bila kujua. Ni kanuni ile ile inayoupoza mtungi wa udongo uliowekwa dirishani.

Mvuke na ukungu

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Mashine za nyumbani ni za aina tatu. Ya kwanza huchemsha maji. Ya pili ina utambi au kitambaa kinachonyonya maji kutoka tangini, na feni inayopuliza hewa kukipitia. Ya tatu ina kisahani kinachotetemeka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde, sauti ambayo sikio halisikii. Mtetemo huo huyavunja maji kuwa matone madogo mno, nayo hutoka kama moshi mweupe baridi. Aina ya tatu hupendwa sana kwa kuwa haina kelele, haiunguzi, hutumia umeme kidogo, na mnunuzi huiona ikifanya kazi.

Kinachoonekana, hata hivyo, si mvuke. Mvuke wa maji ni gesi isiyo na rangi, na jicho haliwezi kuuona. Wingu jeupe ni ukungu, yaani maji ya kimiminika katika chembe ndogo. (Kiswahili hutumia neno ukungu pia kwa ule uotao juu ya mkate, hapa tumeuita kuvu ili tusichanganye.) Tofauti yake ni kubwa. Maji yanapogeuka mvuke, molekuli za maji pekee ndizo ziondokazo. Chumvi, chokaa, na viumbe vilivyokuwamo hubaki nyuma. Maji yanapovunjwa kuwa matone, kila tone ni kipande cha maji yale yale ya tangini, pamoja na kila kilichomo.

Msomaji wa pwani analijua jambo hili kwa macho yake. Katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo jua huchukua maji ya bahari likaacha chumvi. Lakini nyumba iliyo karibu na mawimbi huona mabati yake yakiliwa na kutu, kwa sababu rasharasha ya mawimbi ni matone, na tone hubeba chumvi yake. Mashine ya utambi ni shamba la chumvi. Mashine ya mtetemo ni wimbi.

Twende kwenye hesabu. Maji magumu yenye miligramu 300 za madini katika lita, yakirushwa lita 1.8 kwa siku, humwaga zaidi ya nusu gramu ya unga hewani kila siku. Matone hukauka, na unga hubaki ukielea: ndilo vumbi jeupe ambalo wenye mashine hizo hulikuta juu ya meza. Chembe zake nyingi ni ndogo kiasi cha kufika katika vifuko vya mapafu. Kwa sababu hiyo hushauriwa maji yaliyotoneshwa yatumike. Maji yaliyochemshwa hayatoshi, kwa maana kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi zote.

Tangi lililoachwa siku kadhaa ni dimbwi, na utelezi unaojitandaza ukutani mwake ni makazi ya bakteria. Mwaka 1989, katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana, watu zaidi ya 30 walipatwa na homa kali ya mapafu iletwayo na bakteria waitwao Legionella. Wachunguzi waliufuata ugonjwa hadi katika duka la vyakula, ambamo mashine ya mtetemo ilikuwa ikizirushia mboga ukungu ili zisinyauke. Wagonjwa walikuwa wamekwenda kununua mboga tu.

Habari ya Korea ya Kusini

Majira ya baridi ya Korea ni makavu na makali, na sakafu za nyumba hupashwa joto kutoka chini. Mashine ya unyevu, hasa ya mtetemo, ilikuwa chombo cha kila familia yenye mtoto mchanga. Watu waliambiwa, na waliambiwa kweli, kwamba tangi chafu ni hatari. Basi mwaka 1994 ikatokea sokoni dawa ya kuulia vijidudu ambayo haikuhitaji kusugua wala kuosha: mtu alimimina kiasi kidogo katika maji ya tangi na kuiacha mashine iendelee kufanya kazi. Makampuni kadhaa yaliiga, na mamilioni ya watu wakazitumia dawa hizo kwa muda wa miaka 17.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2011 madaktari wa Seoul walipokea kwa mfuatano wagonjwa, wengi wao wanawake wajawazito au waliojifungua karibuni, ambao mapafu yao yalikuwa yakikakamaa na kushindwa kazi bila sababu iliyojulikana. Hakuna kijidudu kilichopatikana. Walipoulizwa juu ya maisha yao ya nyumbani, jambo moja lilijitokeza tena na tena. Mwezi Agosti mwaka huo mamlaka ya nchi ya kudhibiti magonjwa ilitangaza kwamba inashuku dawa za mashine za unyevu. Wanyama wa maabara waliovutishwa dawa hizo walionyesha madhara ya namna ile ile, na mwezi Novemba ikaamriwa ziondolewe sokoni. Waliokuwa wakikaa muda mrefu zaidi karibu na mashine ndio walioumia zaidi: mama aliyejifungua na mtoto wake, ambao kwa desturi hufungiwa ndani kwenye joto. Vifo vilivyoripotiwa hatimaye vilipita elfu moja, na mwaka 2017 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria maalumu ya kuwasaidia wahanga na familia zao.

Kemikali kuu, mojawapo ikiwa ile iitwayo polihexamethilini guanidini, hazikuwa ngeni. Zilikuwa zikitumika kusafishia vitu, nazo juu ya ngozi hazikuonekana kuwa na ukali mkubwa. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kitu kisichodhuru juu ya ngozi au tumboni hakitadhuru mapafuni. Ngozi ni ukuta. Tumbo lina asidi na ini nyuma yake. Kifuko cha pafu kina utando mwembamba kuliko karatasi yoyote, uliowekwa makusudi ili vitu vipite. Kama dawa ile ingetiwa katika mashine ya utambi, sehemu yake kubwa ingebaki tangini, kwani chumvi za namna hiyo hazigeuki mvuke. Mashine ya mtetemo iliigeuza kuwa matone na kuifikisha kifuani, usiku kucha, kwa miezi mitano ya mwaka. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua tofauti ya uvukizo na kunyunyiza ana ujuzi wote uliohitajika ili kuuliza swali lililopaswa kuulizwa mwaka 1994.

Namna ya kuitumia

Kwa anayeishi katika nchi ya baridi, chombo cha kwanza kununua ni haigrometa, kipima-unyevu, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya mashine. Wa zamani waliitengeneza kwa unywele: Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alieleza mwaka 1783 jinsi unywele wa binadamu unavyorefuka hewa inapokuwa na unyevu. Siku hizi hutumika kihisio cha umeme. Shirika la Marekani la Hifadhi ya Mazingira hushauri unyevu wa ndani uwe kati ya asilimia 30 na 50. Ukiwa juu zaidi kwa muda mrefu, wadudu wa vumbi waishio katika magodoro hustawi, kisha kuvu, na wote wawili huamsha pumu.

Dirisha nalo ni haigrometa. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 12 au chini yake. Ikiwa na asilimia 40, kitu hicho lazima kiwe na nyuzi 6. Kioo kikitiririka maji, mashine ipunguzwe, kwani umande ule ule unajikusanya pia ndani ya kuta mahali usipoonekana. Kadiri nje kunavyozidi kuwa na baridi ndivyo unyevu wa ndani unavyopaswa kuwa mdogo, jambo ambalo wengi hulifanya kinyume.

Tangi limwagwe kila siku na kukaushwa, na kila baada ya siku mbili au tatu lisuguliwe, kisha lisuuzwe mpaka harufu ya dawa iishe. Hakuna kitakachotiwa katika maji yake ila maji: si dawa, si sabuni, si mafuta ya manukato. Kabla ya haya yote, mtu ajaribu kupunguza joto la chumba. Hewa ya gramu 3.9 ikiwa katika nyuzi 18 badala ya 22 ina asilimia 25 badala ya 20, na bili hushuka.

Na kwetu je? Mashine ndogo za mtetemo zimeanza kuonekana katika maduka ya miji yetu, zikiuzwa kama pambo la chumba na kutiwa manukato. Katika Dar es Salaam, ambamo hewa tayari ina asilimia 75, mashine hiyo haina cha kuongeza ila kuvu na pumu. Nyanda za juu, tuseme Njombe mwezi Julai, baridi ipo. Lakini hewa ya nyuzi 10 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu 7.5, na ndani ya nyumba ya nyuzi 15 huwa na asilimia 59. Ukavu haupo. Hatari ya huko ni nyingine kabisa, ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, ambalo hutoa kaboni monoksidi na kuua watu usingizini.

Kazi ya darasani

Vipimajoto viwili vyatosha kutengeneza haigrometa ya shule. Kimoja kiachwe kikavu. Cha pili kivishwe kitambaa cha pamba ambacho ncha yake imetumbukia katika kikombe cha maji, kisha vyote vipepewe kwa daftari mpaka usomaji utulie. Kilicholowa kitashuka, kwa sababu uvukizo hula joto. Hewa ikiwa na nyuzi 20, tofauti ya nyuzi 3 humaanisha unyevu wa karibu asilimia 74. Nyuzi 6, asilimia 51. Nyuzi 10, asilimia 24. Ikiwa na nyuzi 30, tofauti ya nyuzi 8 humaanisha asilimia 50 hivi. Darasa lipime asubuhi, adhuhuri na jioni kwa juma zima, likageuze asilimia kuwa gramu. Litashangaa kuona gramu zikibadilika kidogo wakati asilimia zinapanda na kushuka sana.

Jaribio la pili ni la mvuke na ukungu. Yeyusha vijiko viwili vya chumvi katika glasi ya maji. Nusu iweke katika sahani juani, funika kwa bakuli la kioo, na baada ya saa chache onja matone yaliyotanda ndani ya bakuli. Nusu nyingine itie katika chupa mpya ya kunyunyizia, kama ile ya kinyozi (kamwe isiwe chupa iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu), nyunyizia karatasi nyeusi, uiache ikauke, kisha uitazame kwa lenzi.

Wanafunzi waliokwisha kufanya majaribio hayo wajibu maswali yafuatayo. Ndege ya abiria huruka mahali ambapo hewa ya nje ina nyuzi 50 chini ya sifuri. Eleza kwa nini unyevu ndani ya ndege huwa mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20. Kiyoyozi cha ofisi hudondosha maji nje ya dirisha. Je, ukavu wa ofisi hiyo umetokea kwa njia ile ile kama ukavu wa nyumba ya Chicago? Chumba cha bweni ughaibuni kina mita 30 za ujazo, hewa yake hubadilishwa yote mara moja kwa saa, nje kuna gramu 2 kwa mita ya ujazo, na mwanafunzi anataka gramu 7: tangi la lita 3 litamtosha kwa saa ngapi?